Mkufunzi wa Masomo Yaliyoharibika

Kwa wiki mbili nzima nilimwacha Mkufunzi aamini kwamba amesahau nywila yake. Alinipigia simu asubuhi kutoka kwake Masakta, akiwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee pale nyumbani ambapo mtandao unashika. Nilimwamkia, tukaulizana habari za mvua, za mbaazi, za mguu wa mke wake, na mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nafikiri uzee umenifikia. Ile nywila ya chuo imenipotea kichwani. Na mama wa Yaeda anakuja mwisho wa mwezi kusikiliza." Nikamwambia nitaangalia. Nilijua saa ile ile kwamba hakuna cha kuangalia. Akaunti yake nilikuwa nimeifunga mimi, kwa mkono wangu, na vyote vilivyokuwamo vilikuwa vimekwenda, pamoja na sauti ya marehemu binti wa yule mama.

Naandika habari za mtu huyu kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuandika makosa yangu, na kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya nimemfanyia yeye.

Alikuwa mmoja wa wakufunzi wengi katika chuo cha ualimu huku juu Mbulu, lakini ukisema "Mkufunzi" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Mrefu, mwembamba, sweta la kijani lililochakaa viwiko, ambalo mke wake alilishona na kulishona tena mpaka viwiko vikawa na rangi nyingine. Ukungu wa asubuhi ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya vitunguu swaumu, yeye alikuwa ameshafika darasani na kufuta ubao ambao mtu mwingine aliufuta jana yake. Alikuwa bahili wa chaki kupita kiasi. Alitembea na vipande vidogo mfukoni na kuandika navyo mpaka kucha zikakwaruza ubao, huku sisi tumeziba masikio. Lakini mwanachuo aliyekosa nauli ya kwenda kuzika alijua mlango wa kugonga.

Alituita walimu tangu siku ya kwanza. Unashuka kwenye gari na sanduku lako la bati, umri wako miaka kumi na tisa, hujui hata bweni liko wapi, unamwambia shikamoo, naye anakujibu, "Marahaba, mwalimu. Umekula?" Baadhi yetu tulidhani anatudhihaki. Nilipoacha kufundisha na kwenda kusomea kompyuta, kisha nikarudi chuoni pale pale kama afisa TEHAMA, niliona haya kukutana naye. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema, "Karibu nyumbani, mwalimu." Hakuwahi kuniita kwa jina lingine, ingawa sijashika chaki tena maishani mwangu.

Kazi yake kubwa ilikuwa majalada. Kila mwanachuo wa ualimu hutakiwa kukusanya kazi zake katika jalada moja: maandalio ya masomo, zana alizotengeneza, picha, tathmini za wakufunzi waliokuja kumkagua. Wengi hulichukulia kama sanduku la mapambo, unaweka kile kinachong'aa. Kwake yeye, ukurasa wa kwanza wa jalada ulikuwa somo lililoharibika. Ilikuwa lazima. Usipokuwa nalo hakugusa kurasa nyingine. Na chini ya somo hilo uliandika vichwa vitatu: Nilikusudia. Kilichotokea. Ningerudi. Hicho cha tatu ndicho alichokisoma polepole kuliko vyote. Ningerudi darasani kesho, ningefanya nini?

Hakutoa alama kwa ukurasa ule. Aliandika tu pembeni, kwa kalamu nyekundu, "Nimesoma," na sahihi yake. Ninalo jalada langu la karatasi hadi leo. Mahali nilipoeleza jinsi nilivyomfokea mtoto ambaye kumbe alikuwa hasikii vizuri, pameandikwa hivyo hivyo, Nimesoma, na wino umevuja kidogo, kwa hiyo najua kalamu ilikaa pale kwa muda.

Mwaka mmoja wanachuo waliona wamemweza. Mmoja aliandika ukurasa, wengine wakanakili. Mkufunzi hakugomba. Alituita ukumbini, akavaa miwani, akaanza kusoma: "Somo lilikwenda vizuri na wanafunzi walifurahi. Changamoto ilikuwa muda." Akaweka chini, akachukua jalada lingine: "Somo lilikwenda vizuri na wanafunzi walifurahi. Changamoto ilikuwa muda." Tulicheka mpaka la tano. La kumi hakuna aliyecheka. Aliyasoma yote, kwa sauti ile ile, bila kutaja jina la mtu, na chakula cha mchana kikapoa. Alipomaliza akavua miwani. "Nchi hii ina bahati," akasema. "Imepata walimu ambao hawajawahi kukosea." Usiku huo mabweni mawili hayakulala, watu wanaandika upya.

Lilipokuja agizo kwamba majalada yawe ya kielektroniki, tuliokuwa vijana tulidhani yeye ndiye atakayekataa. Alikuwa wa kwanza kukubali. Stoo ya chuo ilikuwa inavuja, panya walishakula majalada ya mwaka mzima, na kitu hicho kilikuwa kinamuuma kuliko tulivyojua. Alijifunza kuchapa kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akapewa kishikwambi cha ofisi, akakitengenezea mfuko kwa kitambaa cha shuka. Tulikuwa tunasimama naye kule juu karibu na tangi la maji, ambako mtandao ulikuwa na nguvu kidogo, yeye na sweta lake na wanachuo sita au saba wanaotetemeka kwa baridi, wakipandisha kazi zao moja moja. Picha za video ziligoma. Zilifika nusu na kufa. Ndipo akaamua: sauti tu. Rekodi somo lako, sauti tu, inatosha. Alisema mwalimu husikika kwanza kabla hajaonekana.

Wengi hawakuwa na simu janja wala anwani ya barua pepe. Hao aliwafungulia majalada ndani ya akaunti yake mwenyewe. Nilimwambia, tena zaidi ya mara moja, "Mkufunzi, si vizuri wote hawa wakae kwenye akaunti yako."

"Waende wapi, mwalimu? Asiye na kwake si anakaa kwangu?"

Sikuendelea. Ningeendelea vipi na mzee anayejibu hivyo? Nilijua sheria za mfumo, kwamba akaunti ya anayeondoka hufungwa na vyote vilivyomo, yeye hakuzijua, nami nikanyamaza kwa sababu maneno yake yalikuwa mazuri.

Hapa ndipo alipokuwa na kasoro ambayo sikuielewa mpaka alipostaafu. Mtu huyu hakuamini kichwa cha mtu yeyote. Alisema kichwa husahau yale yanayokiaibisha, ndiyo maana lazima uandike siku hiyo hiyo. Lakini mashine aliiamini kama anavyomwamini padri. "Hii haina aibu," alikuwa anasema akikipapasa kishikwambi, "kwa hiyo haina sababu ya kusahau." Na yeye aliyetulazimisha wote kufungua jalada kwa kushindwa kwetu, yeye mwenyewe hakuwa na ukurasa kama huo. Nilimuuliza siku moja, kwa utani, somo lake lililoharibika liko wapi. Akaniambia niangalie kama maji ya chai yamechemka.

Sasa nimseme yule binti.

Alitoka Yaeda Chini, kwenye familia ya wafugaji, wa kwanza kwao kufika chuo. Mfupi, mwepesi wa kucheka, Kiswahili chake kina mwendo wa kwao, maneno anayakata mwishoni. Hakuwa na simu. Ulipofika wakati wa mazoezi ya kufundisha alimwomba Mkufunzi apangiwe shule ya kule chini, karibu na mama yake, na Mkufunzi akambadilishia kituo, ingawa wenzake walimwambia barabara ile mvua zikianza haipitiki. Alikwenda kumkagua mwenyewe kwa pikipiki, kishikwambi kifuani ndani ya sweta, akakiweka dirishani na kurekodi.

Lilikuwa somo la sehemu, darasa la tatu. Binti alileta boga zima lililochemshwa na mama yake, ili watoto waone nusu na robo kwa macho. Wazo zuri kabisa. Tatizo, watoto wale walikuwa wametembea mbali na hawakuwa wamekula. Unamsikia akikata, "Hii ni nzima. Nikikata hapa, tunapata ngapi?" Watoto wanaitika. Anakata tena, anahesabu robo, moja, mbili, tatu. Kisha: "Robo ya nne iko wapi?" Kimya. Ndipo sauti ya mtoto mmoja, ndogo, ya heshima kabisa: "Mwalimu, imeliwa." Na binti anacheka. Anacheka mpaka anashindwa kusema, na darasa zima linacheka naye, na Mkufunzi mwenyewe unamsikia kwa mbali akikohoa ili asicheke. Baadaye wakaligawana lote. Somo liliharibika vibaya sana. Aliandika chini yake: Ningerudi, ningewalisha kwanza.

Mvua zikaanza. Akashikwa na homa, barabara ikakatika, pikipiki ikakwama korongoni, na akafariki kabla hajafikishwa hospitali.

Mama yake alikuja chuoni baada ya mazishi kuchukua sanduku na godoro. Alisimama ofisini, mwanamke mrefu aliyejifunga shuka jeusi, Kiswahili chake cha kuomba maji na kusalimia, akauliza kama kuna kitu kingine cha mtoto. Mkufunzi akafungua kishikwambi. Alipoanza kumweleza kwamba hapa binti anafundisha sehemu, mama alimwinulia mkono anyamaze. Akasikiliza dakika zote kumi na moja akiwa amesimama. Kisha akaketi chini, sakafuni, akasema, "Tena."

Kila mwaka tangu hapo, baada ya mavuno, alikuja. Mkufunzi alimwambia sauti ile inaweza kuwekwa kwenye simu ya ndugu, abaki nayo. Alikataa. Mume wake hakutaka sauti ya aliyekufa nyumbani kwake. Kwa hiyo alipanda toka Yaeda, analala Haydom kwa mdogo wake, anafika, anasikiliza mara mbili, anakunywa chai, anaondoka. Mkufunzi alipostaafu na kurudi Masakta, mama alimfuata hadi huko, na yeye akamfungulia kwa simu yake, juu ya kichuguu, mama amekaa kwenye kigoda na mke wa Mkufunzi amemfunika mabega kwa kanga.

Kishikwambi alikirudisha ofisini, safi, kwenye mfuko wake wa shuka. Nilifuta mimi kila kilichokuwamo, ili apewe mkufunzi mpya. Sikuwa na wasiwasi, maana kila kitu kilikuwa kwenye akaunti.

Miezi ikapita, ikaja orodha ya waliostaafu ambao akaunti zao zifungwe. Jina lake lilikuwa la tatu. Utaratibu unasema mhusika ajulishwe, ahamishe vitu vyake. Tangazo lilikwenda lenyewe kwenye barua pepe ile ile ya chuo, ambayo yeye aliifungua mara moja kwa mwaka. Mimi nilitakiwa kupiga simu. Nilishika simu, nikaiweka. Niliishika tena kesho yake. Ningemwambia nini? Shikamoo, habari za nyumbani, ng'ombe wazima, sasa ondoa vitu vyako chuoni? Kwetu maneno kama hayo hayasemwi kwa simu kwa mtu aliyekulea. Unakwenda mwenyewe, unabeba sukari, unakaa, unakunywa kinachotolewa, na mwisho mwisho kabisa unasema ulichotumwa. Nikaamua nitakwenda. Mvua ikanizuia, kisha mitihani, kisha mtoto wangu akaugua. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku, "Amejulishwa." Siku ya mwisho nilikitia tiki, nikaifunga akaunti, nikijiambia Jumamosi nakwenda Masakta na bado kutakuwa na siku chache za kurejesha. Jumamosi hiyo sikwenda.

Alipopiga simu kuuliza nywila, nilikwisha kuwaandikia wanaosimamia mfumo. Walinijibu kwa adabu kwamba muda wa kurejesha umepita. Wanachuo wengine walishahitimu na kuchukua nakala zao. Yeye tu, binti wa Yaeda, hakuwa na mtu wa kumchukulia.

Nilikwenda hatimaye, siku moja kabla ya mama kufika. Nilipitia Dongobesh na Katesh, kilo mbili za sukari magotini, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta amekaa nje, mlima Hanang umefunikwa na wingu mpaka kiunoni. Alikuwa amekonda. Mapajani alikuwa na daftari la shule na simu.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, mwalimu. Umekula?"

Alinionyesha daftari kabla sijaketi. Kurasa na kurasa za nywila, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Majina ya watoto wake. Majina ya ng'ombe, na wale waliokwisha kufa. Namba ya ubatizo. Jina la binti, limeandikwa kwa kila namna, na herufi kubwa, na herufi ndogo, na mwaka, bila mwaka. Kila moja ameikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Huwa anaamka kabla ya jogoo," mke wake akaniambia akiwa mlangoni. "Anasema amekumbuka. Anakwenda kule kwenye kichuguu, anarudi. Baba huyu atanifia juu ya simu."

Maneno yote niliyoyapanga yalinitoka. Nilisema, "Mkufunzi, hukusahau. Niliifunga mimi. Vimefutika vyote. Sikukupigia simu, na nikaandika kwamba nimekujulisha."

Hakuniangalia. Alimgeukia mke wake pale mlangoni. "Mama umesikia? Sikusahau mimi." Sauti yake ilikuwa na furaha kidogo, ya mtu aliyeambiwa hana ugonjwa. Kisha nikaona furaha ile ikimtoka usoni taratibu, jinsi alivyoendelea kuelewa. Alifunga daftari. Mimi nililia, mtu mzima mwenye watoto, na hakunikataza.

"Kalamu unayo?" akaniuliza baadaye.

Alichana karatasi katikati ya daftari. Nikaandika pale pale, juu ya goti. Nilikusudia kumheshimu mzee wangu. Kilichotokea nikakiandika chote, hata kile kisanduku. Nilipofika Ningerudi, niliandika ningepiga simu siku ya kwanza, hata kama ni utovu wa adabu, nikampa karatasi. Aliisoma polepole. Akaomba kalamu, akaandika pembeni neno lake, akaweka sahihi. Halafu, bila kunirudishia kalamu, aligeuza karatasi upande wa pili, na akaandika kwa muda mrefu. Kichwa cha juu nilikiona: kilikuwa jina la kituo cha mazoezi alichombadilishia binti. Kilichobaki hakunionyesha, nami sikuomba. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Kesho utakuwepo," akasema. Halikuwa swali.

Mama alifika saa nne, miguu ina vumbi hadi magotini. Mkufunzi alimwambia mwenyewe, kwa lugha yao, ambayo anaijua kidogo. Mimi sikuelewa ila nilisikia akisema neno simu, na nikaona akinionyesha kwa mkono wazi, si kwa kidole. Mama alinitazama. Sikuona hasira, na afadhali ningeiona. Alikuwa amechoka tu kutoka safari. Aliuliza kitu kifupi. Mkufunzi akatikisa kichwa. Chai ikaletwa, ikapoa.

Ndipo Mkufunzi akasimama. Alivuta sweta lake chini, kama alivyofanya kila akiingia darasani, akasema kwa Kiswahili, "Hii ni nzima. Nikikata hapa, tunapata ngapi?" Na akaitika mwenyewe, kwa sauti ya watoto. Alikuwa amelisikiliza somo lile miaka yote hiyo, analo lote kichwani: binti alipokosea na kurudi, alipowakemea waliosukumana, maneno anayakata mwishoni kama binti anavyoyakata. Hakuna aliyecheka kumsikia mzee yule akiita watoto wa darasa la tatu uani kwake. Mama aliweka kikombe chini, akafumba macho.

"Robo ya nne iko wapi?" akasema Mkufunzi. Akangoja. "Mwalimu, imeliwa." Kisha akaendelea, "Haya, tulieni, tulieni tuhesabu upya."

Mama akainua mkono. "Hapo," akasema kwa Kiswahili chake. "Wewe umeruka. Hapo anacheka."

Mkufunzi alifungua mdomo. Tulimngoja. Akaufunga.

"Hapo siwezi, mama," akasema. "Hapo siwezi."

Mama alifumba macho tena. "Tena," akasema.

Akaanza tena tangu nzima. Nusu, robo, moja, mbili, tatu. Robo ya nne iko wapi? Mwalimu, imeliwa. Na hapo akanyamaza, kwa muda ule ule binti aliokuwa akicheka, maana hata huo alikuwa anaujua, na mama ameinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza, na mimi nimekaa katikati yao nisisikie chochote. Kisha Mkufunzi akaendelea na somo.